Nyasi Inayojikunja Yenyewe

Nimelelewa Pemba kwa bibi, nyumba ambayo mtoto wa kike hakai mikono mitupu: ukili upo, asuke. Ndiyo maana nikikutana na kikapu cha ugenini hukigeuza kwanza nikatazama mshono. Vikapu vya esparto, nyasi ya mwituni ya kusini-mashariki mwa Uhispania na Afrika Kaskazini, havikunisumbua kuvielewa. Husukwa ukili mrefu, ukazungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo.

Tofauti ipo kwenye jani. Ukindu na miyaa sisi tunachana, wao hawachani. Kiangazi kikikaza, jani la esparto hujikunja lenyewe lisipoteze maji, likawa jembamba kama uzi. Tena halikatwi. Mvunaji huzungushia fungu la majani kwenye kijiti alichokifunga mkononi, akavuta kwa nguvu. Majani huchomoka, shina likabaki kuchipua.

Kwa kikapu majani hayo yatosha, ukishayaanika. Kamba ndiyo yenye kazi: majani hulowekwa madimbwini kama mwezi mzima, yakaanikwa, kisha yakapondwa kwa nyundo za mti hadi nyuzi zilainike. Aliyewahi kufukua makumbi ya nazi ufukweni anaijua harufu ya madimbwi hayo. Mjini Cieza, mkoani Murcia, kuponda huko kulikuwa kazi ya wanawake. Mashine zenye nyundo ziligonga kutwa, nao wakizilisha vitita kwa mikono katikati ya vumbi. Vumbi hilo lina ugonjwa wake wa mapafu, espartosisi. Wanaosifu kazi za asili, sehemu hii huiruka.

Huko Albuñol, Granada, kuna pango liitwalo Cueva de los Murciélagos. Mwaka 1857 wachimba madini walilivamia, wakatawanya vitu ambavyo ukavu wa pango ulikuwa umevitunza, vikapu na viatu vya esparto vikiwemo. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2023 vilionyesha kwamba vikapu vikongwe zaidi vina umri wa miaka 9,500 hivi. Kilimo kilikuwa bado hakijafika huko. Waliovisuka walikuwa wawindaji na waokota matunda. Nimezitazama picha: msuko umebana, na urembo umetiwa. Aliyesuka vile hakuwa mwanafunzi.

Nailoni na plastiki ndizo zilizoua soko la esparto katika karne iliyopita. Mwaka 2019 serikali ya Uhispania iliutambua rasmi utamaduni wa esparto kuwa urithi wa taifa. Ukijaliwa kufika Cieza, ingia makumbusho ya esparto, uombe uonyeshwe kamba inavyosokotwa.