Ngurumo za Tororo na Wajibu wa Kamanda

Askari aliyepangiwa lindo Kisoko hamalizi majuma mawili kabla ya kuizoea mbingu ya Tororo. Asubuhi anga huwa jeupe. Ifikapo alasiri mawingu hujikusanya upande wa Mlima Elgon, na jua halijatua ngurumo zimekwisha anza. Kumbukumbu za miaka 1967 hadi 1976 zilionyesha kwamba Tororo ilisikia ngurumo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Ni sehemu chache sana duniani zilizopata hesabu kama hiyo, na hatari yenyewe imo katika mazoea hayo.

Mchana upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria ukaingia nchi kavu, ukakutana na joto la ardhi na miteremko ya Elgon, ukalazimika kupanda. Huko juu maji huganda, na vipande vya barafu hugongana hata wingu likajaa umeme. Vikiwa vikubwa hushuka kama mvua ya mawe, ambayo wakulima wa chai wa Kericho, ng'ambo ya mpaka, wanaijua vyema kwa hasara zake. Ule upepo baridi unaovuma ghafla na kutimua vumbi ni hewa iliyosukumwa chini na wingu hilohilo. Anayeungoja huo ndipo akimbie amekwisha chelewa.

Wataalamu wa hali ya hewa hutoa tahadhari kwa wilaya na kanda, nasi yatupasa kuzisikiliza kila siku. Lakini hakuna mtaalamu awezaye kutaja kilima kitakachopigwa, wala dakika. Sehemu hiyo ya mwisho ni ya kamanda aliyepo pale. Akiona umeme, na ahesabu: kila sekunde 3 kabla ya mlio ni takriban kilomita moja. Zikipungua sekunde 30, gwaride livunjwe na walinzi waondolewe mahali pa wazi, wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Waondolewe waende wapi? Hapa ndipo wengi hukosea. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya, Kiryandongo. Agosti 2020, Arua, watoto 10 walikufa ndani ya kibanda walimojikinga mvua baada ya kucheza mpira. Novemba 2024 watu 14 waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, Lamwo, wakiwa kwenye ibada. Wote hao walikuwa chini ya paa. Kibanda cha nyasi, hema la turubai na kivuli cha mwembe havizuii radi. Kimbilio ni jengo imara lenye kinga ya radi, au gari la bodi ya chuma lililofungwa milango na vioo.

Tutaambiwa kwamba mlinzi haachi lindo. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hataomba kuondoka, asije akaitwa mwoga. Amri lazima itoke juu, na lindo liendelee kutazamwa kutoka ndani ya gari. Polisi wa vizuizini nao wasiwapange wasafiri juani na mvuani wakati mbingu inanguruma.

Bunduki haiiti radi kama wengi wasemavyo. Kinachomponza askari ni kusimama peke yake uwandani. Mlingoti wa antena ni jambo jingine: redio iliyounganishwa nao isiguswe. Kofia ya chuma huokoa kichwa katika mvua ya mawe, na upepo ukianza kung'oa mabati, kila mtu akae mbali na madirisha.

Aliyepigwa habaki na umeme mwilini, wala kumgusa hakuleti mkosi. Wakianguka wengi, tuanze na yule asiyepumua: kifua chake kikandamizwe kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma, mpaka mganga afike. Wanaolia kwa maumivu watangoja kidogo.