Jua la Buna na kanzu nyeupe
Ujuzi wa filamu haujafa, umegeuzwa tu

Mpiga picha anayesimama Buna saa sita mchana, siku ya Idi, ana kazi ngumu kuliko mwenziwe wa studio. Bwana N. V. Parekh, aliyekuwa na studio yake Mombasa, aliwasha taa zake na mwanga ukamtii. Buna, katika kaunti ya Wajir kwenye njia iendayo Moyale, jua halimtii mtu. Mzee amevaa kanzu nyeupe pe, uso wake mweusi, na jua la utosini limemtia kivuli machoni. Ukiipata kanzu, uso unapotea. Ukiupata uso, kanzu inakuwa doa jeupe lisilo hata mshono. Na huenda picha hiyo ndiyo pekee watakayobaki nayo wanawe.

Watu wa filamu walikuwa na njia yao. Walipima mwanga wa mahali penye kivuli, kisha wakaupunguza stopu mbili, maana kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu. (Stopu moja ni kuuongeza mwanga maradufu, au kuupunguza nusu.) Filamu isiyopata mwanga wa kutosha kivulini hubaki tupu, na hapana dawa ya kuijaza. Weupe uliozidi ulikuwa na tiba: filamu ilitolewa dawani mapema. Hata joto lilihesabiwa, kwani dawa iliyopangiwa nyuzi 20 hufanya kazi upesi zaidi katika nyuzi 30, basi muda hukatwa. Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer waliipanga elimu hii kwa madaraja, toka weusi mtupu hadi weupe mtupu, karibu na mwaka 1940.

Katika kamera ya dijitali mambo hugeuka juu chini. Kile kipokea mwanga ni kama mtungi: ukishajaa, kinachozidi humwagika. Kanzu iliyoungua haina nyuzi za kurudishwa, kompyuta ifanye itakavyo. Kivuli ndicho chenye akiba. Kwa hivyo ipime kanzu yenyewe, kisha ongeza stopu mbili: kamera ikisema 1/1000 ya sekunde, teremka mpaka 1/250. Hifadhi faili ghafi, halafu uinue uso pole pole kwenye kompyuta. Huko ndiko kuosha picha kwa leo. Mwenye simu naye aguse kanzu kwenye kioo, kisha aongeze mwanga kidogo.

Pole pole, nasema, kwa sababu vijana wengi huuinua uso mpaka ukawa na rangi ya majivu, na zipo programu za simu zinazomfanya bibi mweusi kuwa mweupe bila ya kumuuliza. Kodak kwa miaka mingi ilisawazisha rangi za picha zake kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na nyuso zetu ndizo zilizolipa. Ya nini leo kujitendea wenyewe? Buibui nalo liachwe jeusi. Mikunjo yake ionekane, yatosha.