Chumba cha Wageni wa Heshima na Maji Yake ya Moto

Mfanyabiashara wa Kariakoo ashukaye Guangzhou, kisha akashika ndege ya ndani kwenda Yiwu kwenye soko mashuhuri la bidhaa ndogo ndogo, huenda akaona, baada ya ukaguzi wa usalama, mlango wenye kibao kisemacho guibin shi, yaani chumba cha wageni wa heshima. Jina hilo lisimghuri, wala uchache wa vilivyomo usimuudhi; maana chumba cha kawaida cha namna hii kimeundwa kwa kungoja, na akipimaye kwa mizani ya karamu amekidhulumu.

Haki ya kuingia hupatikana kwa tiketi ya daraja la kwanza au la biashara, kwa kadi kama Priority Pass mahali zipokelewapo, au kwa cheo cha juu cha uanachama wa shirika la ndege. Na katika njia hii ya tatu ipo tofauti ambayo yafaa kujulikana. Ethiopian Airlines imo katika muungano wa Star Alliance pamoja na Air China na Shenzhen Airlines, kwa hiyo kadi yake ya dhahabu hufaa hata kwa safari ya ndani ya mashirika hayo mawili. Ilhali Kenya Airways imo katika SkyTeam, ambao kwa kawaida humtaka mwenye kadi awe na safari ya kimataifa siku ile ile.

Ndani ataona viti vya kuegemea, soketi za umeme na meza moja ya takrima: karanga, biskuti, soda, majani ya chai, tambi kavu katika bakuli za karatasi, na pengine uji wa mchele, mayai yaliyochemshwa katika chai na maandazi meupe ya mvuke. Mwislamu na atahadhari, kwa kuwa maandazi yaliyojazwa nyama aghalabu huwa ni ya nguruwe, na picha ya ng'ombe juu ya bakuli la tambi si ushahidi wa uchinjaji; alama ya kuitafuta ni 清真, qingzhen, neno la Wachina kwa chakula halali.

Lakini sultani wa meza ile ni mtambo wa maji ya moto. Mchina hunywa maji ya moto kiangazi na kipupwe, kwa itikadi ya tiba ya jadi kwamba baridi hudhuru tumbo, na kwa mazoea yaliyotiwa nguvu na kampeni ya usafi iliyoanza mwaka 1952, iliyohimiza watu wachemshe maji kabla ya kuyanywa. Tambi, chai na koo la msafiri, vyote hungoja bomba lile.

Kuhusu intaneti, mara nyingi mtandao hudai namba ya siri itumwayo kwa simu. Asiyepokea ujumbe huo aulizie mashine inayosoma pasipoti. Hata akishaunganishwa, WhatsApp na Google zimezuiwa, ingawa laini ya nyumbani iliyofunguliwa kwa matumizi ya ng'ambo kwa kawaida huzifikia. Betri ya akiba nayo ina sheria yake: tangu tarehe 28 Juni 2025, isiyo na alama ya 3C, yaani ithibati ya usalama ya China, hairuhusiwi katika ndege za ndani.

Yafaa pia asingoje kuitwa, kwani viwanja vingi havitangazi kila ndege, na mlango wa kupandia aghalabu hufungwa dakika 15 kabla ya kuondoka.

Je, inafaa kulipia? Maji ya moto yale yale hutolewa bure ukumbini, kwa hiyo mwenye nusu saa tu hana sababu ya kufungua mkoba. Walakini anga ya China kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa jeshi, njia za ndege za abiria ni finyu, na dhoruba moja ya kiangazi huweza kuahirisha safari kwa saa nyingi. Hapo ndipo kiti, soketi na kimya hupata thamani yake, na bakuli la tambi, lililodharauliwa asubuhi, huliwa kwa shukrani usiku.