Kifafa Mwanza: dawa ni shilingi 1,042 kwa mwezi, nauli je?

Sensa ya 2022 iliupa Mkoa wa Mwanza watu 3,699,872. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa katika kila watu 1,000, wenye kifafa hai, yaani bado wanaanguka au wanahitaji dawa, ni 4 hadi 10. Kwa Mwanza hao ni kati ya 14,800 na 37,000. Utafiti wa Ifakara uliochapishwa 2013 ulipata 14.8 kwa kila watu 1,000, tena kwa kuhesabu kifafa cha kutetemeka mwili pekee; kwa kiwango hicho Mwanza ingekuwa na wagonjwa 54,758. Lakini Ifakara si Mwanza. Tutumie 37,000.

Kifafa huanzia kwenye ubongo. Seli ya ubongo iliyotulia ina umeme wa takriban milivolti -70. Ikichochewa, sodiamu huingia na kipimo hupanda hadi kama +30, kisha hushuka, yote ndani ya milisekunde chache. Kemikali iitwayo GABA huzuia seli zisiwake ovyo. Mgonjwa huanguka pale kundi kubwa la seli linapowaka kwa pamoja na kizuizi hicho kikazidiwa.

EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, kwa kawaida huchukua dakika kama 30. Anayeanguka mara moja kwa mwezi ana dakika 43,200 ndani ya siku 30, hivyo kipimo kimeona asilimia 0.07 tu. Majibu safi hayafuti kifafa. Maelezo ya aliyeshuhudia yana uzito, na ni bure.

WHO inasema dawa za mwaka zinaweza kugharimu dola 5. Dola ikiwa shilingi 2,500, hizo ni 12,500 kwa mwaka, au 1,042 kwa mwezi. Kwa wagonjwa 37,000 ni shilingi milioni 462.5 kwa mwaka: shilingi 125 kwa kila mkazi. Kiasi hicho kinanunua dawa kama fenobabitoni, inayoipa GABA nguvu. Hakilipii daktari, EEG wala nauli.

Tuchukue familia ya Nansio, Ukerewe, inayofuata dawa Mwanza mjini kila mwezi. Tukikadiria nauli ya kwenda na kurudi kuwa 10,000, safari 12 ni 120,000, mara 9.6 ya dawa, na msindikizaji hajahesabiwa. Bei ya dawa ikipunguzwa nusu, familia inaokoa 6,250 kwa mwaka. Ikipewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, safari zinabaki 4, na inaokoa 80,000.