Bob St. Clair: Mchezaji aliyekuwa meya

BOB St. Clair, aliyefariki dunia mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 84, aliichezea San Francisco 49ers katika kandanda ya Kimarekani kuanzia 1953 hadi 1963. Akiwa bado mchezaji, alishika wadhifa wa meya wa mji jirani wa Daly City.

Hata hivyo, msimamo wake ulidhihirika mapema, chuoni. Mwaka 1951 timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco ilishinda mechi zote 9, lakini ikatakiwa kuwaacha wachezaji wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler, ili ialikwe kwenye mchuano wa Kusini. Wachezaji wote walikataa. Chuo, kilichokosa mapato hayo, kikaivunja timu.

Mwaka 1990 St. Clair aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, alikotangulia Matson mwaka 1972.