Herufi nene za magunia zinavyolinda jina la kahawa ya Mbinga

GUNIA la kahawa likishashonwa mdomo, kilichomo ndani hakionekani tena. Mnunuzi aliye ng'ambo hutegemea maandishi yaliyopigwa ubavuni na, kwa mkulima wa Mbinga, mkoani Ruvuma, maandishi hayo ndiyo yanayobeba jina la milima ya Umatengo hadi bandarini.

Sura yake inafahamika kote duniani: herufi kubwa tupu, nene, zenye vikono vifupi kwenye ncha, na zilizokatika hapa na pale kana kwamba mwandishi aliishiwa rangi. Wengi hudhani kukatika huko ni pambo. Ukweli ni kwamba kila pengo lina kazi yake.

Herufi hizo hutokana na stensili, yaani bati au karatasi ngumu iliyotobolewa kwa umbo la maandishi. Bati huwekwa juu ya gunia, brashi yenye rangi hupitishwa, na rangi hupenya kwenye matundu peke yake.

Lichukuliwe neno MBINGA. Herufi M, I, N na G hutobolewa bila taabu. Lakini B ina nafasi mbili zilizozungukwa na mistari, na A inayo moja. Fundi akitoboa umbo zima, vipande vya ndani huanguka na gunia hupata doa badala ya herufi. Ndiyo maana huacha vishikizi vyembamba vya bati vya kushikilia vipande hivyo. Mapengo yanayoonekana kwenye maandishi ni alama za vishikizi hivyo. Neno KAHAWA, lenye A tatu, huhitaji uangalifu zaidi.

Unene nao una sababu. Nyuzi za gunia ni nene na zina mashimo, hivyo mstari mwembamba hupotea kati yake au rangi hutambaa na kuuvuruga. Mstari mnene hustahimili hayo. Hata ukichubuka njiani, sehemu inayobaki hutosha kusomeka.

Vikono vya kwenye ncha husaidia kutenganisha herufi I na namba 1. Aidha, katika herufi za aina hii mistari hailingani unene. O, kwa mfano, ni nene pembeni na nyembamba juu na chini. Kishikizi huwekwa pale penye wembamba, na jicho la msomaji huliziba pengo lenyewe.

Umbo hilo lina undugu na herufi za Clarendon, zilizotolewa London mwaka 1845 na kiwanda cha Robert Besley. Mwaka 1937, nchini Marekani, wabunifu wawili walitoa herufi za chapa zinazoiga maandishi ya stensili, kila mmoja kwa kampuni yake: R. Hunter Middleton kwa Ludlow na Gerry Powell kwa American Type Founders. Zote mbili ziliitwa Stencil. Wachapaji hapo waliiga kazi iliyokuwa ikifanywa tangu zamani kwenye masanduku na magunia.

Kwa biashara ya kahawa, suala hili si la urembo. Madaraja ya kahawa ya Tanzania huandikwa kwa herufi chache, kama AA, A, B, PB na C, na herufi moja hutenganisha daraja na daraja. Zaidi ya hapo, Shirika la Kimataifa la Kahawa, lililoanza kazi mwaka 1963, lina utaratibu wa kuutambulisha kila mzigo unaouzwa nje kwa namba za nchi, za msafirishaji na za mzigo wenyewe.

Rangi ikiwa nyepesi mno, hupita chini ya bati. Hapo 3 hugeuka 8, na B nayo huweza kusomwa 8. Dawa yake ni rahisi: brashi isiyolowa sana, bati linalofutwa mara kwa mara, na herufi kubwa za kutosha.

Kanuni hiyo inafaa pia katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay. Jina au namba iliyo ubavuni mwa boti husomwa kwa mbali, chombo kikiyumba na jua likimulika maji. Stensili humwezesha mwenye boti kupata herufi za kimo kimoja pande zote mbili bila kumtegemea mchoraji.

Siku hizi Stencil hupatikana pia katika kompyuta, ikiwa imesambazwa pamoja na programu za ofisi za Microsoft. Hapo ndipo hutumiwa vibaya. Herufi hizi zilibuniwa kwa neno moja au mawili, kwa ukubwa wa kuonekana kwa mbali. Zikitumiwa kuandika tangazo zima, mapengo huziba na msomaji huchoka kabla ya mstari wa tatu.

Kwa kikundi kinachokaanga na kufungasha kahawa yake, utaratibu mzuri ni kuliandika jina MBINGA kwa herufi hizo, kubwa na peke yake. Uzito, daraja na tarehe ya kukaangwa viandikwe chini kwa herufi nyepesi zisizokatika, kwa kuwa mnunuzi atavisoma pakiti ikiwa mkononi.