Harufu Mbaya Mitaani: Kwa Nini Mkaguzi Haisikii?

Katika kata ya mjini kama Kashaulili, Mpanda, malalamiko ya uvundo wa majalala na mashimo ya vyoo ni rahisi kupuuzwa. Mkaguzi akifika saa sita mchana, hasikii kitu, anaondoka. Wananchi waliolala madirisha yamefungwa wanaonekana waongo.

Taka za vyakula na kinyesi vikioza bila hewa ya kutosha hutoa gesi, mojawapo ikiwa haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Wakati wa mvua, ambao Katavi huanza Novemba hadi Aprili, taka hulowa, hewa hukosa pa kupita, na uozo wa namna hii huzidi. Mchana jua hupasha ardhi, hewa hupanda na kuondoka na harufu. Usiku hewa baridi hutulia chini, nayo harufu hubaki hapo hapo hadi alfajiri. Mkazi na mkaguzi wote wanasema kweli. Saa zao tu ndizo tofauti.

Tena pua huzoea. Anayeishi jirani na jalala huweza kuacha kuisikia harufu, huku kichwa kikiendelea kumuuma. Hatari kubwa iko mashimoni: gesi hiyo ikiwa nyingi, pua hupoteza kabisa uwezo wa kunusa. Mtu aliyeshuka kuzibua shimo hudhani harufu imekwisha, kumbe ndipo anapokufa, na anayemfuata kumwokoa hufa naye. Kamati inayolipa vijana kwa kazi hiyo isimruhusu yeyote kushuka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja harufu mbaya miongoni mwa mambo ya kuwekewa viwango. Mtaani hakuna chombo cha kuipima, lakini daftari lipo. Andikeni tarehe, saa, upepo ulikotoka na nyumba zilizosikia. Baada ya wiki tatu lipelekeni kwa mtendaji wa kata, pamoja na barua ya kuomba mkaguzi aje saa kumi na moja alfajiri.

Kwa wafadhili wetu: si lazima kuanza na gari la kunyonya majitaka. Choo cha shimo chenye bomba la hewa kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni, na wavu uliofungwa kileleni huwanasa nzi.